Beseni la Kijani la Jirani

Jumatatu, 2 Machi

Kipara kanunua boti.

Naandika hivyo nione kama itauma kidogo ikiwa kwenye karatasi. Inauma vilevile.

Nyumba zetu ukuta kwa ukuta, na bwawa liko nyuma yetu, mwendo wa sigara moja. Nimekaa naye pale ukingoni, ndoano yangu kulia yake kushoto, tangu enzi za nywele zake. Hakunidokeza kitu. Asubuhi nasikia vishindo uani kwake, nachungulia juu ya ukuta, naiona imelala pale: ya plastiki, kijani kama sabuni ya mche, viti viwili, cha mbele na cha nyuma. Yeye anaizunguka anaipangusa kwa fulana aliyoivua mwilini.

"Fundi!" akaniita. "Njoo uone."

Nikaenda. Majirani walishajaa. Nikaizunguka taratibu, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo, halafu ikanitoka: "Beseni zuri. Nguo za kufua ziko wapi?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kipara naye akacheka, ila yake ilikuwa fupi. Akasema, "Kiti cha nyuma hakina mtu, Fundi."

"Mimi kuingia beseni la mwanamume mwenzangu? Watanidhania soksi."

Wakacheka tena. Nikarudi nyumbani nimeshinda. Mchana nilikuwa bado nimeshinda. Jioni niliutafuta ushindi wenyewe sikuuona.

Jumanne, 3 Machi

Manyunyu. Ng'ombe ana maji ya kwato.

Wajukuu wakija kusoma haya hawataelewa, basi nieleze. Katikati ya bwawa kuna jiwe limekaa kama ng'ombe, lina mgongo, lina kichwa, watundu walishalichora hata macho. Mvua zikianza maji hulipanda. Yakifunika mgongo, Mlinzi wa bwawa hufunga lango na hakuna kuvua tena mpaka yashuke, na hayashuki haraka. Kwa hiyo sisi msimu wetu hatuutazami kwenye kalenda, tunautazama kwenye ng'ombe.

Alhamisi, 5 Machi

Kiti cha nyuma kimepata mtu. Kinyozi!

Nauliza, kipara na kinyozi wana biashara gani pamoja? Yule mtu hata chambo hukishika kwa ncha za vidole kama kinanuka, na kweli kinanuka, ndiyo kazi yake. Nimewaona nikiwa ukingoni peke yangu. Wamefika mpaka penye magugu, kule ambako sisi tulikuwa tunapatazama tu na kumeza mate. Kinyozi akanipungia mkono.

"Shikamoo, mzee wangu!"

Nikamwitikia marahaba kwa sauti ya kumfukuza kuku.

Jumapili, 8 Machi

Sikupata kitu. Nilikaa upande wangu wa kulia, sijui kwa nini, ukingo wote ulikuwa wangu.

Jumatatu, 9 Machi

Kipara kaleta perege. Kampa mama watoto mkononi, mimi nikiwa nimekaa palepale mlangoni kama kiatu.

"Shemeji, karibuni kidogo tulichopata."

"Ahsante, jirani. Jamani, una mkono!"

Alipoondoka nikamwambia, "Hana mkono. Ana boti."

"Basi nunua na wewe."

"Nitanunua."

Akaendelea kuparua magamba. Mimi ndiye niliyeshtuka. Maneno mengine humtoka mtu kama kikohozi, na ukishakohoa huwezi kurudisha.

Samaki alikuwa mtamu. Nilimla kwa chuki, mpaka kichwa.

Jumatano, 11 Machi

Mashine yangu ya kudarizi imepata mteja. Ilikuwa inakaa tu pembeni imefunikwa shuka kama maiti, tangu macho yangu yakatae kazi ndogondogo. Mama watoto hakulalamika. Alishachoka kujigonga kidole cha mguu. Sasa nina fungu la boti. Si boti ya waziri, ni boti ya fundi cherehani aliyestaafu kwa lazima ya magoti.

Mvua jioni. Ng'ombe naye maji yamemfika magotini.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekwenda dukani mjini na futi yangu shingoni. Siendi kununua kitu kikubwa kuliko kijiko bila futi.

Hii futi ina siri yake. Zamani ncha yake ilichakaa nikaikata, sentimita kumi zikaenda. Nikaacha hivyo hivyo. Mimi naanzia kumi, mwisho natoa kumi kichwani, shule yangu fupi lakini kutoa naweza. Mafundi wenzangu walipenda sana kuiazima, kwa kuwa eti nguo zangu zilikuwa zinamkaa mtu. Nikawa nawapa, tena kwa tabasamu. Nao wanapima kwa yangu, wanakata kwa zao, mteja anatoka na shati la kulalia. Sijamwambia mtu hata mmoja. Hata mama watoto hajui. Fundi lazima awe na kitu chake.

Kijana wa duka alikuwa amevaa suruali ambayo ningekataa kuishona. Akanionyesha boti ya mpira, ya kujaza upepo.

"Hii ya kisasa, mzee. Ukimaliza unatoa upepo, unaikunja, unaweka kwenye begi."

Nikapitisha kidole kwenye mishono. Gundi tupu, hakuna uzi.

"Na ndoano zangu nikizisahau mfukoni nikakalia?"

"Inakuja na viraka vyake, mzee!" Kafurahi kabisa.

Nimeshona maisha yangu yote, sijawahi kumkabidhi mtu suruali mpya pamoja na kiraka chake. Nikaenda kwenye ile ya plastiki ya mtu mmoja. Hiyo unakaa umenyoosha miguu kama mtoto anayesubiri kulishwa. Kukaa nilikaa. Kutoka ilibidi yule kijana aite mwenzake, mmoja akavuta mikono, mwingine akasukuma mahali ambapo sikumruhusu.

Narudi, nampita Kipara barabarani. "Umetoka wapi, Fundi, na futi shingoni?"

"Msibani."

Jumamosi, 14 Machi

Wale wawili wamecheka kule majini. Nimewasikia kutoka chooni kwangu. Nimemaliza haraka nitoke niangalie kinachochekesha. Hakuna kitu kinachochekesha. Wamekaa tu.

Jumatatu, 16 Machi

Kwa binamu yangu seremala. Ana boti ya mbao, nzuri kuitazama, harufu yake kama kabati jipya. Nikajaribu kuiinua upande mmoja, mgongo ukaniambia usifanye hivyo tena.

"Hii inatunzwaje, binamu?"

"Rahisi tu. Kila mwaka unaziba nyufa, unapaka mafuta, unapaka rangi, usiiache juani, usiiache majini."

"Sasa hiyo ni boti au mke wa pili?"

Kanuna. Nimeondoka bila boti na bila chai.

Jumatano, 18 Machi

Mvua kutwa. Ng'ombe ana maji ya tumbo. Nikichelewa nitakuwa na boti na sina bwawa.

Alhamisi, 19 Machi

Kipara kapita na samaki, kambare mrefu, kamshika kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa. Anasema kamtoa penye magugu. Nikamwambia anaonekana mgonjwa. "Nani, mimi?" "Samaki."

Mama watoto kaniambia, "Mzee, huna hata aibu."

Aibu ninayo. Boti ndiyo sina.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeipata!

Mwalimu mstaafu, mama wa mtaa wa juu, anahamia kwa mwanawe, anauza vitu. Kati ya kabati na kuku kulikuwa na boti ya bati lile jepesi lisiloshika kutu. Tumbo lake limekaa bapa. Kwa bwawa lisilo na mawimbi hilo ndilo tumbo linalofaa: inakaa juu ya maji kama sahani mezani, mtu anaweza kusimama akarusha ndoano bila kucheza ngoma. Ina mabenchi mawili ya kukaa kama binadamu, magoti yamekunjwa. Makasia mawili. Watu wawili wanaibeba.

"Inavuja?" nikauliza.

Mwalimu akavuta mpira wa bustani, akaijaza maji palepale uani. "Boti haijaribiwi kwa kuitia majini," akasema, "unayatia maji ndani yake, halafu unaitazama kwa nje. Zunguka uangalie."

Nikazunguka, nimeinama, natafuta tone. Hakuna tone. Wanafunzi wa yule mama walipata tabu, naona.

"Na benchi la pili ni la nani?" akauliza.

"La mizigo."

Akanitazama kama nimekosea hesabu.

Upana nikaupima kwa futi: nikatoa kumi, ikabaki mia na thelathini. Maana kuna kichochoro cha kupita, kati ya nyumba yangu na ukuta wa Kipara; gari litaishia barabarani mbele, na njia ya bwawani iko nyuma. Kipara ana geti kubwa mbele na geti kubwa nyuma, beseni lake linapita katikati ya ua kama bibi harusi. Mimi geti la mtu siliombi.

Nikampigia simu mama watoto. "Chukua ile futi yangu ya akiba kwenye droo, upime kichochoro pale kinapobana." Hiyo ya akiba nilishaikata nayo, zifanane. Akapiga simu kurudi: "Mia na thelathini na tano."

Inapita, na vidole vinabaki! Nikalipa.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Gari la kubeba litakuja kesho. Nimelala mchana nikaota Kinyozi anazama. Nilimwokoa, lakini baada ya muda kidogo.

Jumatatu, 23 Machi

Sitaki kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Naandika.

Jana jioni boti ilifika. Dereva na mwenzake wakaibeba mpaka mdomo wa kichochoro, nikawaambia ahsanteni, nendeni, hapa inateleza yenyewe. Nilitaka kuipitisha mimi na mama watoto, kimyakimya, Kipara aje aione majini tu, ghafla, mimi nimesimama ndani yake kama sanamu la shujaa.

Tukasukuma. Ikaingia vizuri. Ikafika katikati, pale kinapobana, ikasema krrr, ikasimama. Nikasema sukuma. Mama watoto akasukuma. Ikasema krrr nyingine, ikajikaza barabara kati ya nyumba yangu na ukuta wa Kipara, mbele haiendi, nyuma hairudi.

"Ulisema mia na thelathini na tano!"

"Ndivyo ilivyoandikwa!"

"Na kumi ulitoa?"

"Kumi gani?"

Nikawa natazama bati.

"Kumi gani, baba watoto?"

Ikabidi nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Miaka yote hiyo nimekuwa nikipima mapazia kwa ile futi ya droo. Nikajiuliza mbona yanaburuta sakafuni." Akaingia ndani. Chakula aliweka cha mtu mmoja, na huyo mtu si mimi.

Kisha ikanyesha. Ikanyesha usiku kucha, na bomba la paa langu linamwaga wapi? Kichochoroni. Asubuhi boti yangu ilikuwa imejaa mpaka midomoni, nzito kama ng'ombe mwenyewe, na mimi nimesimama nyuma yake na kikombe cha kunywea maji nachota.

Kichwa kikatokeza juu ya ukuta. Kinang'aa, kimelowa.

"Fundi."

"Naam."

"Hiyo ni nini?"

"Tangi."

Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Nikangojea. Nilijua anachotafuta, na nilijua mwenyewe ningekuwa yeye ningesema nini. Nilishakuwa na maneno matatu tayari, yote ya kumfanya mtu ahame mtaa.

Akasema, "Angalau haivuji."

Kichwa kikatoweka. Nikasikia geti lake la nyuma, nikamwona anakuja upande wa mbele wa boti, suruali imekunjwa magotini, mkononi kabeba beseni la kufulia. La kijani. Aje yeye hapa aape mbele yangu kwamba hakulichagua makusudi!

Akainama upande wake, akaanza kukomba maji. Mimi upande wangu na kikombe. Yeye anamwaga beseni, mimi namwaga kikombe.

"Kinyozi yuko wapi?" nikauliza.

"Dukani kwake. Ana watu wenye nywele."

"Nikadhani amehamia botini."

"Fundi, yule hajui hata kufunga ndoano. Mimi ndiye ninayemfungia."

"Sasa ulimchukua wa nini?"

Akakomba mabeseni mawili kabla ya kujibu. Tena alijibu akilitazama beseni.

"Tumekaa pale ukingoni mimi na wewe tangu lini? Siku gani nilirudi na samaki wengi kuliko wako? Taja moja."

Nikafikiri. Sikuipata. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa.

"Unatoa perege, unanitazama. Natoa ndoano tupu, unanitazama. Tena unakohoa kidogo. Nikasema ninunue boti, niende mahali ambapo yule mzee hayupo kuliani kwangu. Halafu nikaileta, nikakuona umekuja na mikono yako nyuma, nikakukaribisha kiti cha nyuma, mdomo tu ulinitangulia. Ukasema beseni. Basi nikamchukua Kinyozi. Angalau yule namshinda."

Niseme kweli, kwa kuwa daftari ni langu. Nilipaswa kusikitika. Badala yake nilijisikia kama nimepakwa mafuta ya moto mgongoni. Wiki zote hizi nimekonda kwa wivu, kumbe nilikuwa nimemwonea wivu mtu anayenionea mimi! Nilitamani arudie.

"Sijakusikia vizuri," nikasema. "Ulisema siku ngapi hukunishinda?"

"Komba maji, Fundi."

Maji yalipoisha akasema, "Sasa ilaze ubavu."

"Nini?"

"Ilaze ubavu. Kitu kipana kikilazwa ubavu kinakuwa chembamba. Wewe si fundi?"

Tukailaza ubavu. Ikapita kama barua chini ya mlango.

Nimekaa jikoni nimeandika haya yote. Mama watoto kapita, kaweka sahani mbele yangu. Ya mtu mmoja, lakini huyo mtu ni mimi.

Alhamisi, 26 Machi

Mlinzi kasema kesho jioni anafunga. Ng'ombe kabaki mstari wa mgongo, kama mtu anayeoga.

Ijumaa, 27 Machi

Tumeingia majini, mimi na Kipara, kwenye bati.

Kwanza tuligombana nani akae mbele. Nikasema boti yangu. Akasema kichochoro nusu ni ukuta wake. Nikakaa mbele. Mlinzi akatucheka, akatuvalisha maboya ya kifuani kwa lazima; tukaonekana mito miwili ya kochi. Kinyozi alikuwa ameachiwa beseni peke yake, anapiga kasia upande mmoja tu, anazunguka palepale kama nzi aliyepoteza bawa.

"Shikamooni wazee!" anapaza kila akituelekea. "Shikamooni!" Alituamkia mizunguko yote.

Tulikwenda mpaka penye magugu. Maji kimya, bati linagonga tup, tup. Nikasimama, nikarusha, sikuyumba hata kidogo. Nikakaa na kungojea. Kipara nyuma yangu, simwoni, namsikia anavyopumua.

Nikasikia uzi unavutika. Haukuwa wangu.

Kamtoa kambare, mkubwa kuliko yule wa mwanzo, kapiga mkia mpaka akanilowesha shingo. Sikugeuka. Nilisema moyoni, sasa atakohoa. Akikohoa natumbukia majini.

Hakukohoa. Akamweka chini taratibu, akasafisha mikono, akarusha tena. Kumbe hiyo inauma zaidi.

Mpaka tunarudi yeye alikuwa na kambare na perege wa kutosha familia. Mimi nilikuwa na jani. Ng'ombe tulimpita kabaki masikio.

"Leo," akasema tunaivuta boti nje, "iandike mahali."

Nimeandika.

Jumamosi, 28 Machi

Lango limefungwa. Mvua kubwa.

Jumatatu, 30 Machi

Boti imefunikwa kichwa chini nyuma ya nyumba, mama watoto anaanikia nguo juu yake. Nikasema hii si kamba. Akanitajia mapazia. Nikamletea vibanio.

Alasiri Kipara alibisha. Kapata sponji na kitambaa kigumu, anataka kushona mito ya mabenchi yote mawili, msimu ujao tukae vizuri.

"Niazime futi yako, Fundi. Nipime."

Nikamvulia shingoni, kwa tabasamu, kama nilivyowazoesha mafundi wote. Akaikunja, akaaga, akatoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka getini kwake. Nikaona mito miwili mirefu, inaning'inia nje ya ukingo wa benchi, na Kipara anaitazama hajui kilichompata, na mimi nimesimama kando, mikono nyuma. Ingekuwa raha ya msimu mzima.

"Kipara!"

Akageuka.

"Anzia kumi."

Akaiangalia futi, akaangalia ncha yake, akaniangalia mimi. Alielewa pole pole. Nilimwona akikumbuka mashati ya mafundi wa mtaa huu, moja baada ya jingine, halafu akaanza kucheka, na hii haikuwa fupi. Alishikilia geti.

Kinyozi akija kuiazima, hayo ni mambo mengine.